Bustani ya Nyumbani: Maswali Yenu na Majibu Yetu

Barua za msimu huu karibu zote zinaulizia dawa. Dawa ya majani ya njano, dawa ya nyanya zinazooza, dawa ya mchicha uliogoma kukua. Tumezisoma moja moja, na tunaona kwamba wengi wenu hamhitaji dawa yoyote. Tatizo liko chini, kwenye udongo na maji, na huko ndiko tunakoanzia. Tukisema ndoo bila kutaja lita, tuna maana ya ndoo ndogo ya lita 10.

Gunia linastawi juu tu

*Habari za kazi. Nina magunia matatu ya sukuma wiki nje ya nyumba. Miche ya juu imenenepa, ya ubavuni imedumaa, ya chini kabisa imekauka, na maji namwagilia asubuhi na jioni. Jirani anasema ni minyoo. Nifanyeje?*
*Mama wa watoto wanne, Mbagala, Dar es Salaam*

Dada, kabla ya kumlaumu mnyoo, chukua fimbo nyembamba kavu, uichome ubavuni mwa gunia usawa wa nusu ya kimo chake mpaka ifike katikati, uiache dakika moja. Ikitoka kavu, jibu umelipata. Maji unayomwaga juu yanalowesha sentimita 15 hadi 20 za kwanza, halafu yanafuata njia rahisi, ambayo ni mwanya kati ya udongo na gunia lenyewe. Yanatokea chini, unaona pamelowa, unaamini mboga zimekunywa. Katikati ni pakavu kabisa.

Gunia linahitaji nguzo ya kokoto katikati, na nguzo hiyo haiongezwi baadaye. Itabidi ulijaze upya. Subiri jioni, ng'oa miche inayofaa pamoja na udongo wake, iweke kivulini, umwage udongo wote juu ya turubai.

Kwa gunia la kilo 90 changanya ndoo 6 za udongo wa juu, ndoo 3 za samadi iliyoiva na ndoo 1 ya mboji. Udongo wa Mbagala ni wa kichanga, kwa hiyo usiongeze mchanga. Wenye udongo wa mfinyanzi unaonata ndio wanaotakiwa kuweka mchanga ndoo 1 au 2 na kupunguza udongo kwa kiasi hichohicho. Kama samadi yako ni ya kuku, tumia nusu ya kipimo, nayo iwe imekaa miezi 2 au 3, kwa sababu ikiwa mbichi inaunguza mizizi.

Lisimamishe gunia mahali litakapokaa moja kwa moja, maana likishalowa litafika kilo 150 na hakuna atakayelihamisha. Kunja mdomo wake kwa nje. Chukua kopo la kilo 2 lililotolewa kitako na kifuniko, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto za ukubwa wa yai la kuku au vipande vya matofali yaliyochomwa. Zungushia udongo pembeni mpaka ufikie mdomo wa kopo, shindilia kidogo kwa kiganja, kisha livute kopo juu taratibu. Kokoto zitabaki zimesimama ndani ya udongo. Jaza tena, vuta tena, hadi ubakize sentimita 10 juu. Kokoto za ndoo moja na nusu zinatosha. Zioshe kwanza, kwa sababu kokoto zenye vumbi huziba baada ya miezi michache na tatizo linarudi palepale.

Mwagilia, uache siku mbili udongo ukae, ndipo utoboe matundu. Tundu la kwanza liwe sentimita 20 kutoka chini. Zungusha matundu 6 kwa kila mstari, mistari 4 iliyopishana, kila tundu likiwa mbali na jenzake kama sentimita 20. Hiyo ni miche 24 ubavuni na 3 juu. Wapo wanaopanda 40 na zaidi kwenye gunia moja. Mwezi wa kwanza linapendeza, kuanzia mwezi wa pili majani yanakuwa membamba kwa sababu mizizi inagombania chakula kilekile. Sisi hatushauri.

Kata tundu kwa umbo la herufi V yenye ncha chini, upate mfuko wa kushikilia mche. Usikate mraba, udongo utamwagika kila unapomwagilia. Maji yamwagwe juu ya kokoto polepole, lita 10 kwa siku wakati wa jua kali, nusu asubuhi na nusu jioni. Siku ya mvua pima kwa fimbo kwanza.

Magunia ya salfeti huliwa na jua na kuanza kuchanika baada ya msimu mmoja au miwili. Ukilipata lililotumika kubebea mbolea ya viwandani au mbegu zilizotiwa dawa, usilitumie kwa chakula.

Na jambo moja ambalo jirani yako huenda yuko sahihi. Ukiwa unang'oa miche iliyodumaa, angalia mizizi. Ikiwa na vinundu visivyobanduka hata ukikwangua kwa kucha, hiyo ni minyoo fundo, na udongo huo usiurudishe kwenye gunia. Uanike juani kwenye tabaka jembamba chini ya nailoni angavu wiki 6, au upeleke kwenye migomba… hapana, migomba nayo hushambuliwa na minyoo. Upeleke mahali pasipopandwa chakula.

Mboji inanuka na imejaa funza

*Nimechimba shimo la mboji nyuma ya nyumba, natupia maganda, mabaki ya ugali, vichwa vya dagaa na majani. Sasa linanuka, lina funza, na panya wameongezeka. Mume wangu anataka lifukiwe.*
*Msomaji wa Nyegezi, Mwanza*

Vichwa vya dagaa ndivyo vilivyoita panya. Samaki, nyama, mifupa, mafuta na ugali visiingie kwenye mboji ya nyumbani iliyo wazi, wala kinyesi cha mbwa na paka, ambacho hubeba minyoo inayoambukiza binadamu. Kama unafuga kuku, ugali na dagaa wape wao.

Harufu nayo inajieleza. Ikinuka mayai viza, hewa haiingii. Ikichoma pua kama choo cha mkojo, mabichi yamezidi. Vijidudu vinavyoozesha mboji hutaka kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni sehemu 1. Maganda ya mboga, nyasi mbichi na samadi vina naitrojeni nyingi. Majani makavu, mabua, maranda na maboksi vina kaboni nyingi. Nyumbani hupimi kwa maabara, unapima kwa ndoo: kila ndoo 1 ya vitu vibichi ifunikwe na ndoo 2 za vitu vikavu. Kosa la watu wengi ni kukosa vikavu siku vibichi vinapotoka jikoni. Weka gunia la majani makavu kando ya mboji wakati wote. Maranda yapo kwa mafundi seremala, ila uliza kwanza kama mbao zimetiwa dawa. Zilizotiwa dawa hazifai.

Shimo liache. Mvua za Mwanza zitalijaza maji na hutaweza kulipindua vizuri. Jenga lundo juu ya ardhi, kivulini, lenye upana wa mita 1, urefu mita 1 na kimo mita 1. Likiwa dogo kuliko hapo halishiki joto. Chini weka vijiti vya unene wa kidole, tabaka la sentimita 10, hewa ipite. Kisha vikavu sentimita 20, vibichi sentimita 10, sepetu moja ya udongo au samadi, na maji. Rudia mpaka ufike mita 1. Majivu yawe konzi moja tu kwa tabaka. Yakizidi, naitrojeni inapaa hewani na mboji inabaki haina nguvu.

Unyevu upime kwa mkono. Kamata konzi, ibane kwa nguvu zako zote. Yakitoka matone mawili matatu kati ya vidole, ni sawasawa. Yakichuruzika, ongeza vikavu. Yasipotoka hata moja na konzi ikasambaratika ukifungua mkono, ongeza maji.

Choma fimbo ndefu katikati ya lundo uiache humo. Siku ya 4 ichomoe na kushika ncha yake. Lundo zuri hufika nyuzi 55 hadi 65, na fimbo huwezi kuishikilia. Joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa, kwa hiyo ikiwa fimbo imetoka vuguvugu, usiendelee kusubiri. Pindua, rekebisha maji, ongeza samadi. Pindua tena kila wiki 2, ya nje yaingie ndani. Baada ya miezi 2 hadi 3 utakuwa na kitu cheusi, kinachopukutika, kisichokuwa na harufu ya uozo. Kama una shaka, jaza kikopo, panda mbegu 20 za mchicha humo na nyingine 20 kwenye udongo wa kawaida. Za kwenye mboji zikigoma au zikiota za njano, bado haijaiva.

Funza waangalie vizuri kabla ya kuwachukia. Wakubwa, bapa, wa kahawia wenye ngozi ngumu ni viluwiluwi vya inzi chuma. Inzi huyo hatui kwenye chakula cha watu na funza wake ni chakula bora cha kuku. Weupe na laini ni wa inzi wa kawaida. Hao huisha ukifunika vibichi kila siku.

Nyanya zinaoza kitako

*Shikamoo mhariri. Nyanya zangu za kwenye ndoo zinazaa vizuri, lakini zikianza kukua chini panakuwa na doa la kahawia, halafu jeusi na gumu. Nimepiga dawa ya ukungu mara mbili, hakuna nafuu.*
*Mwanafunzi wa Morogoro*

Marahaba. Acha kupiga dawa ya ukungu, huo si ukungu. Tunda limekosa kalsiamu wakati lilipokuwa dogo, na mara nyingi kalsiamu ipo kwenye udongo wako. Inasafiri ndani ya mmea kwa kubebwa na maji tu, na majani yanayavuta maji kwa nguvu kuliko tunda. Ukiacha ndoo ikauke siku mbili halafu ukaifurikisha ya tatu, ncha ya tunda, ambayo ndiyo ya mwisho kufikiwa, inakufa. Kalsiamu iliyokwisha kuingia kwenye jani hairudi kwenye tunda.

Kwa hiyo tiba ni maji yasiyobadilikabadilika. Mche 1 kwa ndoo ya lita 20, isipungue hapo. Toboa matundu 5 au 6 ya kipenyo cha kidole kidogo kitakoni. Tandaza nyasi kavu sentimita 5 juu ya udongo bila kugusa shina. Mmea mkubwa uliobeba matunda unakunywa lita 2 hadi 3 kwa siku ya jua. Mpe kila siku, wakati uleule.

Angalia pia unalisha nini. Urea au mbolea ya kuku nyingi hukuza majani haraka, na majani hayo yote yanashindana na tunda. Maganda ya mayai yasage yawe unga uyaweke kwenye mboji ya msimu ujao. Ukiyafukia leo vipande vipande, hayatayeyuka kwa wakati wa kukusaidia. Matunda yenye doa yachume, hayaponi. Yale ambayo sehemu yake nzima ni safi yanalika ukikata palipoharibika.

Utofautishe na kantangaze, kiwavi anayetoboa nyanya. Yeye huacha vijitundu karibu na kikonyo na michoro myeupe kwenye majani, wala hachagui kitako.

Kisima cha chumvi

*Tuko Kigamboni, maji ya kisima chetu yana chumvi. Mboga zinaungua kingo za majani, nyanya hazikui. Fundi alipima kwa kifaa chake akasema 2,400. Je, tukate tamaa na bustani?*
*Familia ya Kigamboni*

Msikate tamaa, kipimo chenu kinafanyiwa kazi. Hiyo 2,400 ni mikrosimensi kwa sentimita, kipimo cha chumvi ya maji, sawa na 2.4 kwa kipimo cha desisimensi kwa mita kinachotumiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Kwa viwango vyao, chini ya 0.7 hakuna tatizo, kati ya 0.7 na 3.0 lazima uchague mimea na uwe mwangalifu, juu ya 3.0 ni hatari kwa mazao mengi. Ninyi mko katikati.

Kila zao lina mahali ambapo mavuno huanza kushuka kwa chumvi ya maji. Kunde huvumilia hadi 3.3, bitiruti 2.7, nyanya 1.7, kabichi 1.2, vitunguu 0.8, maharage na karoti 0.7. Spinachi hii yetu ya shina jeupe ni ya jamii moja na bitiruti, na huvumilia vizuri. Kwa maji yenu mnaweza kuvuna majani ya kunde na spinachi mwaka mzima bila kuchanganya kitu. Kwa nyanya, changanyeni ndoo 2 za kisima na 1 ya mvua, mtapata kama 1.6. Karoti na maharage nunueni sokoni.

Chumvi haipotei ikishaingia kwenye udongo. Maji yanapaa, yenyewe inabaki, ndiyo maana kumwagilia kidogo kidogo kila siku kunaharibu zaidi. Mwagilieni maji mengi mpaka yatokee chini, na kila mara mpitishe sehemu kama moja ya tano ya ziada ili isukume chumvi chini ya mizizi. Chombo kisichotoboka kitako hakifai kabisa kwenye maji haya. Msimwagie majani, maji yaende kwenye udongo, jioni. Mkiona ukoko mweupe juu ya udongo, ukwangueni na kuutupa, halafu tandazeni nyasi. Mboji iwe nyingi kuliko tunavyowashauri wengine, hata ndoo 3 kati ya 10.

Sasa maji ya mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 20, ni lita 800, na mkitoa yanayomwagika na kupotea mtabaki na kama 640. Mvua nne za namna hiyo wakati wa masika zinajaza tangi la lita 2,000 na kufurika. Kiangazi cha Juni hadi Septemba ni takriban siku 120. Magunia mawili yanayokunywa lita 20 kwa siku yatataka lita 2,400. Mkichanganya nusu kwa nusu na kisima, mnahitaji lita 1,200 za mvua, na tangi hilo la lita 2,000 linatosha. Hesabu hii ifanyeni kabla ya kununua tangi. Tumeona watu wakinunua la lita 500 ambalo linaisha kabla ya Juni kwisha, halafu wanasema uvunaji maji haufai.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iacheni ioshe bati, lita 40 za mwanzo zimwageni, zina vumbi na kinyesi cha ndege. Mdomo wa tangi na bomba la kufurika vifungwe wavu wa mbu.

Msijaribu kuokoa bustani kwa maji ya kufulia kwa sabuni ya unga. Sabuni hizo nyingi zina sodiamu, na ninyi sodiamu mnayo ya kutosha. Maji ya suuzo la mwisho wapeni migomba, yasilale ndoo zaidi ya siku moja.

Mchicha unatoa maua ukiwa mdogo

*Mchicha wangu una wiki nne, haujafika hata magotini, tayari una maua. Mbegu mbovu?*
*Tanga*

Inawezekana, lakini kwanza angalia kama umesongamana au umekosa maji. Mchicha ukipata dhiki unakimbilia kuzaa mbegu. Changanya kijiko 1 cha mbegu na vijiko 10 vya mchanga mkavu, sia kwenye mistari iliyoachana sentimita 20, funika nusu sentimita tu. Siku ya 10 punguza, acha sentimita 5 kati ya mche na mche, uliong'oa ni mboga. Ng'oa wote wiki ya 3 au ya 4, usingoje ukue. Usie kitalu kingine kila baada ya wiki 2, kidogo kidogo. Na usitunze mbegu kutoka mimea iliyochanua mapema, utakuwa unachagua tabia hiyohiyo.

Vidukari kwenye sukuma wiki

*Hujambo mhariri? Sukuma yangu imejaa wadudu wadogo wa kijivu chini ya majani, na majani yanajikunja. Nimeambiwa nichemshe tumbaku.*
*Baba Wanja, Nakuru*

Tumbaku usichemshe. Nikotini ni sumu kali kwa mtu pia, hupenya kwenye ngozi, na tumbaku inaweza kuleta ugonjwa wa virusi kwenye nyanya na pilipili zako. Hao ni vidukari, na ni laini mno. Jani lililojikunja na kujaa lichume, lizamishe kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Yaliyobaki yageuze upande wa chini na kuyapiga kwa maji ya nguvu. Halafu changanya kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita 1 ya maji, jaribu kwenye jani moja usubiri siku moja, kisha nyunyiza jioni ukilowesha upande wa chini. Sabuni huua yule tu iliyemgusa ikiwa mbichi, ikikauka haina kazi. Rudia siku ya 4 na ya 8, maana waliobaki huzaa haraka, majike huzaa bila kupandwa.

Wakirudi, tumia mbegu za mwarobaini: gramu 50 za kiini kilichotwangwa kwa lita 1 ya maji, ilale usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, tia sabuni matone machache, nyunyiza jioni kwa sababu jua linaivunja nguvu. Vaa glavu, na mboga zioshe vizuri kabla ya kupika.

Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka shinani, wanawalinda vidukari kwa ajili ya ule utomvu mtamu. Zuia njia yao. Wadudu wa mviringo wenye mgongo mwekundu na madoa meusi waache, wanakula vidukari mchana kutwa. Na angalia umeweka mbolea kiasi gani: sukuma iliyolishwa kupita kiasi ina utomvu mwingi na ndiyo wanayoipenda.

Dawa ya kwenye chupa ya soda

*Mchicha una matundu. Sokoni nimeuziwa dawa imemiminwa kwenye chupa ya soda, wameniambia kifuniko kimoja kwa ndoo. Nina watoto wadogo. Baada ya kupiga nikae siku ngapi kabla ya kuvuna?*
*Msomaji wa Arusha*

Usiipige, tunakuomba. Swali lako la siku ngapi halina jibu, kwa sababu hakuna anayejua kilichomo. Dawa halali huuzwa kwenye chombo chake chenye lebo, na lebo ndiyo inayotaja zao, kipimo na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Siku hizo hutofautiana sana kati ya dawa na dawa. Mchicha unaliwa wiki ya nne, kwa hiyo dawa nyingi za bustani haziwezi kuisha makali kabla hujaupika.

Chupa hiyo leo hii ifungie mahali pa juu penye kufuli, mbali na jiko, iandike SUMU kwa kalamu isiyofutika. Chupa za soda zenye dawa zimeshadanganya watoto wengi. Usiimwage chooni wala mtoni. Ipeleke kwa afisa ugani wa kata au kwenye ofisi za TPHPA, mamlaka inayosajili viuatilifu Tanzania, ambayo makao yake makuu yako Arusha kwenu. Mtoto akiinywa, usimtapishe na usimpe maziwa, kimbia naye hospitali ukiwa na chupa mkononi.

Mchicha wenyewe: matundu ni ya viwavi wanaokunja majani kwa utando. Fungua majani yaliyoshikana asubuhi, utawakuta ndani, waminye. Funika kitalu kwa chandarua cheupe chenye matundu madogo tangu siku ya kusia, kingo zifukiwe udongo. Jani lenye matundu mawili linalika.

Matembele juu ya paa, Muscat

*Assalaam alaykum. Nimezaliwa Unguja, naishi Muscat na wajukuu. Natamani matembele na mchicha wa kwetu. Mwezi wa sita nilipanda juu ya dari, vyote vikaungua. Vitaota huku?*
*Bibi wa Muscat*

Waalaykum salaam, bibi. Vitaota, ila Juni joto lenu linapita nyuzi 40 na mche mchanga hauwezi. Matembele yapande Oktoba, au Februari ili yawe na mizizi imara kabla ya joto. Usipopata marando, nunua kiazi kitamu kisichotiwa dawa ya kuzuia kuchipua, kilaze kwenye mchanga wenye unyevu, nusu kikionekana. Baada ya wiki 3 au 4 machipukizi yakifika sentimita 20 hadi 30, kata, toa majani ya chini, fukia vifundo 3. Mchicha sia Oktoba na tena Machi. Wakati wa joto kali baki na bamia na mlukhiya, ambayo ni mlenda tunaoujua sisi. Spinachi, sukuma na nyanya zote ni za Oktoba hadi Machi, maana maua ya nyanya hupukutika mchana ukizidi nyuzi 35 au usiku usipopoa.

Vyombo vyeusi vinapika mizizi. Vipake rangi nyeupe kwa nje au viingize ndani ya chombo kikubwa zaidi, viwe juu ya vipande vya mbao visiguse sakafu ya dari. Wavu wa kivuli wa asilimia 50 uwepo kuanzia Aprili. Maji asubuhi na mapema, baada ya kumwaga yale ya moto yaliyolala kwenye mpira.

Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa ina kilo kama 30. Ndoo 12 ni kilo 360, kwa hiyo zipange kufuata kuta za chini na nguzo, usizirundike katikati ya dari, na umuulize aliyejenga nyumba kabla ya kuongeza.